Togwa ya Tandika kwa tumbo la Desemba

Ukishuka daladala Tandika ukaingia sokoni kwa upande wa wauza nazi, utakuta kibanda kisicho na bango cha togwa, kinywaji cha uji wa nafaka uliochachushwa. Kina meza iliyotandikwa nailoni, ndoo mbili kubwa zenye mifuniko na bomba, dumu la maji ya kusuuzia na benchi la watu watatu wanaobanana. Muuzaji ni mama wa makamo, mtu wa Songea. Glasi kubwa anauza shilingi 500, lita moja 2,000, na ukija na chombo chako anakuongezea kidogo. Nimeamua kukiandikia sasa, kabla ya Krismasi, maana hiki ndicho kinywaji ninachokiamini kuliko vyote kwa tumbo la msimu huu, na ningependa familia za Dar ziipe togwa nafasi pale zinapoweka kreti za soda.

Mimi ni fundi cherehani, hapahapa Temeke. Desemba kwetu ni mavuno: vitenge vya familia nzima, magauni ya kipaimara, sare za kamati ya harusi, na kila mteja anataka nguo yake kabla ya tarehe 24. Fundi anakaa kitini tangu asubuhi hadi usiku. Chakula kinamfuata palepale: chapati, chipsi mayai, wali nyama, soda baridi. Maji anayapunguza makusudi kwa kuwa choo cha uani kina foleni na cherehani haitakiwi kusimama. Mboga za majani hazionekani siku nzima, labda kachumbari ya pembeni ya sahani. Halafu inaingia sikukuu yenyewe. Tumbo ambalo limeshachoka linabebeshwa pilau ya mchana, biriani ya jirani, mishikaki ya jioni na keki ya usiku. Wauzaji wa maduka ya Kariakoo wanaishi hivyohivyo, makonda vilevile, na dada zetu wa saluni ndio usiseme, maana wao mwezi huu hawana hata nafasi ya kukaa. Ukipita duka la dawa la mtaani tarehe 27 mazungumzo ni yaleyale: gesi, kiungulia, kuvimbiwa, choo kigumu, au kinyume chake, kuharisha.

Watu wa namna hiyo ndio ninaowaandikia.

Mama huyu ndoo moja anaitengeneza kwa unga wa mahindi, ya pili kwa mtama. Anapika uji mzito, unachemka mpaka unaiva kabisa, anauepua na kuuacha upoe hadi uwe vuguvugu. Hapo ndipo anatia kimea: ulezi alioloweka usiku kucha, akautandaza kwenye gunia lenye unyevu siku mbili tatu mpaka ukaota, kisha akauanika na kuusaga. Kinachofuata ni kizuri kukitazama. Uji uliokuwa mzito wa kukamata mwiko unalegea na kuwa mwepesi, na ukiuonja umekuwa mtamu ingawa hakuna mkono uliotia sukari. Vimeng'enya vya ulezi ulioota vinaukatakata wanga na kuugeuza sukari. Kisha anaufunika mpaka kesho yake, na usiku huo bakteria wa asidi ya maziwa, ukoo mmoja na wale wanaogandisha mtindi, wanaila sehemu ya sukari ile na kuacha uchachu. Asubuhi inachujwa, inapozwa, inauzwa.

Ya mahindi ni laini, tamu, inapendwa na watoto. Ya mtama ina rangi ya udongo, ukakasi kidogo ulimini, na harufu ya nafaka iliyokaangwa inayobaki mdomoni baada ya kumeza. Mimi ni mtu wa mtama. Mama anatumia chujio lenye matundu makubwa, kwa hiyo pumba laini zinapita na kutua chini ya glasi. Nimewasikia wateja wakilalamikia jambo hili, wanataka iwe nyororo kama juisi ya pakiti. Mama asiwasikilize. Pumba zile ni nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi ndicho chakula cha bakteria wema wa utumbo mpana, ndizo pia zinazoshika maji choo kikatoka laini. Tikisa chombo kabla ya kumimina, unywe na zile za chini.

Saa ya kununua inabadilisha kila kitu. Saa tatu asubuhi togwa ni tamu, uchachu unaonekana kwa mbali. Saa tisa alasiri, kwa joto hili la Desemba linalopita nyuzi 30, imeshakuwa kali, ina povu, inauma ulimi. Ikifika hapo hamira za asili zilizomo zimeanza kazi yao na kilevi kidogo kinaweza kuingia. Kwa hiyo kama unanunulia watoto, mjamzito, au nyumba ambayo kilevi hakiingii, nunua ya asubuhi, iweke kwenye friji mara moja, iishe siku hiyohiyo. Mama mwenyewe ni mkweli katika hili. Ikishapanda sana anawaambia wanaokuja na watoto wasubiri ya kesho, hata kama ndoo haijaisha. Ukweli huo peke yake umenifanya niwe mteja wake wa kudumu.

Kuhusu usafi nilimhoji kabla sijaweka pesa mezani, na ninashauri kila mtu afanye hivyo kwa muuza togwa yeyote. Kimea kinaingia kibichi, baada ya moto, kwa hiyo uchafu ukipita hapo hakuna kuchemsha tena kwa kuuokoa uji. Nikamsalimia, akaitikia marahaba, nikamuuliza maji ya kuizimua togwa anayatoa wapi.

"Siongezi maji, mwanangu," akasema. "Uji ulishachemka. Kinachoulegeza ni kimea. Ukiona mtu anaongeza maji, huyo anatafuta lita, hatafuti togwa."

Akanionyesha na glasi: zinaoshwa kwa sabuni, zinasuuzwa kwa maji ya dumu yaliyotiwa WaterGuard, dawa ya kuua vijidudu majini, zinapinduliwa kwenye trei. Togwa inatoka kwa bomba, haichotwi kwa kata inayoshikwa na kila mkono. Wakazi wa jiji hili tunakumbuka kipindupindu cha 2015 kilivyoanzia Kinondoni na kusambaa hadi mikoani, kwa hiyo sioni aibu kuuliza maswali ya namna hii mbele ya wateja wengine. Muuzaji safi anayapenda, maana yanamtangaza.

Nikamuuliza pia kuhusu nafaka. Ulezi anaagiza kwa ndugu, anauchambua punje zilizobadilika rangi kabla ya kuloweka. Ni swali la lazima. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi na karanga, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na huwezi kutegemea kupika au kuchachusha kuiondoa. Nafaka yenye ukungu ni ya kutupwa.

Sasa faida yake tumboni. Uchachu wa togwa si wa ladha tu. Kipimo cha uchachu, pH, ambacho namba yake hushuka kadiri uchachu unavyozidi, kikifika chini ya 4, vijidudu vingi vya kuharisha vinashindwa kuzaliana humo. Miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania na Sweden waliwanywesha watoto wadogo uji uliochachushwa wa aina hii, na vijidudu vya kuharisha vikapungua kwenye vyoo vyao wakilinganishwa na watoto waliokunywa uji wa kawaida. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, nao wamewachunguza bakteria wanaoichachusha togwa, na mmoja wao ni Lactobacillus plantarum, jina ambalo utalikuta pia kwenye vichupa vya vidonge vya tumbo vinavyouzwa kwa bei kubwa famasi za mjini. Ndani ya jina hilo kuna aina nyingi na hazifanani, kwa hiyo sisemi glasi ya Tandika ni kidonge. Nasema bibi zetu wa Ruvuma walikuwa na kitu cha maana, na sisi tumekiacha kibandani tukakimbilia kola.

Kwangu mimi, siku ninayoanza na glasi ya mtama na kipande cha papai badala ya soda na andazi, choo kinatoka laini bila kusukuma, na jioni kiuno cha sketi hakinibani. Sababu naziona tatu zikifanya kazi pamoja: kimiminika kimeingia mapema, nyuzinyuzi zimeingia, na soda haikuingia. Hiyo ya tatu isidharauliwe. Kola ya kawaida ina kama gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100, pamoja na gesi inayoingia kwenye tumbo ambalo tayari limejaa. Mtu anayemaliza chupa mbili na sahani ya pilau halafu akalala chali anajiandalia kiungulia kwa mikono yake.

Ila togwa peke yake haiwezi kubeba sikukuu nzima. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima ale angalau gramu 25 za nyuzinyuzi na gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Ukiangalia meza zetu za Krismasi unaona kabisa kwamba hatufiki: wali, nyama, chapati, wali tena. Na kufika ni rahisi Dar kuliko mahali pengi, kwa sababu Desemba ndiyo msimu wa embe. Dodo na bolibo zimejaa, mananasi yanateremshwa kutoka Bagamoyo, papai halijawahi kuadimika. Palepale Tandika, hatua chache kutoka kibanda cha togwa, unapata matembele, mchicha na kisamvu kilichotwangwa tayari. Weka sufuria ya maharage ya nazi pembeni ya pilau. Kachumbari iwe bakuli zima, si kijiko cha mapambo. Mtu ambaye hajazoea maharage aanze na kidogo siku chache kabla, maana utumbo usiozoea ukishtukizwa unajibu kwa gesi.

Ninavyoandaa nyumbani, togwa inakuja kabla ya chakula, glasi ndogo kila mtu, baridi sana. Wageni wakishakunywa hawakimbilii kujaza sahani. Baada ya chakula, maji. Kisha tunatoka, tunawasindikiza wageni kwa miguu hadi stendi badala ya kuwapakia bodaboda mlangoni. Utumbo unapenda mwendo. Kukaa kochini kuanzia saa nane hadi taarifa ya habari ndiko kunakofanya chakula kikwame.

Suala la kiporo nalisema kwa ukali kidogo kwa sababu linaumiza watu kila mwaka. Pilau inayobaki kwenye sufuria mezani usiku kucha, ikafunikwa kawa, asubuhi ikapashwa na kuliwa na chai, ni hatari. Mchele una kijidudu ambacho mbegu zake zinavumilia kupikwa. Wali ukikaa kwenye joto la kawaida zinaamka, zinazaliana na kutoa sumu, na sumu ile haivunjwi na kupasha moto. Pilau iliyobaki igawanywe kwenye vyombo vidogo vifupi, iingie kwenye friji ndani ya saa mbili, na kwa joto la Dar mimi naenda na saa moja. Kama umeme umekatika usiku kucha, usiionee huruma.

Na Flagyl. Jamani, Flagyl si peremende. Kila tumbo linapouma mtu anakwenda dirishani anaomba vidonge vinne, bila kipimo. Dawa hiyo inaua bakteria fulani na vimelea kama amiba, ikitolewa na daktari kwa sababu yake inaponya, lakini kuvimbiwa kwa pilau hakutibiwi na Flagyl. Unachofanya ni kuwaua na bakteria wema, na kuvizoesha dawa vijidudu vibaya. Tena wengi wanameza huku wanakunywa bia, jambo ambalo maelezo ya dawa yenyewe yanalikataza. Mtu akiharisha, cha kwanza ni maji na chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, ile ya pakiti, na mtoto anaongezewa zinki. Choo kikiwa na damu, homa ikipanda, kutapika kusipokoma, mtoto akiwa amelegea macho yameingia ndani, au choo kinatoka cheupe kama maji ya mchele, ni kituo cha afya saa hiyohiyo. Hapo togwa haina kazi, wala isitafutwe.

Yapo makundi mengine ya kuangaliwa. Mwenye kisukari asidanganywe na neno la kwamba haina sukari. Sukari imo, imetokana na wanga, na ya mahindi ndiyo tamu zaidi. Achukue kidogo sana, ya mtama, au aulize kliniki kwanza. Kwa upande mwingine, yule ambaye maziwa yanamvuruga tumbo hapa amepata chake, kwa kuwa togwa haina maziwa kabisa. Asiye na shida na maziwa anaweza kuwa na mtindi wa pakiti kama akiba ya nyumbani, Tanga Fresh kwa mfano, ambao una tarehe ya mwisho wa matumizi na unasubiri kwenye friji. Togwa haisubiri.

Kasoro za kibanda zipo. Togwa yake haina lebo wala tarehe, kwa hiyo unategemea neno la mama na ulimi wako. Wateja wasio na chombo wanawekewa kwenye chupa za maji zilizotumika, ambazo mimi sizikubali hata zikioshwa vipi, kwa sababu shingo yake nyembamba haiingii brashi. Akitafuta chupa mpya na kutuongezea shilingi mia mbili, nitalipa kwa furaha. Benchi liko juani kuanzia saa tano. Kivuli cha turubai kingewafanya wazee wakae wanywe taratibu badala ya kubugia wakiwa wamesimama. Na ya mtama inakwisha mapema mno. Nimemwomba mara nyingi aongeze ndoo, anasema kimea hakitoshi, na ninamheshimu kwa kutokutia hamira ya dukani kama wanavyofanya wengine kuharakisha.

Kwa ujumla wa bei, ladha na usafi, sijaona togwa Temeke inayoizidi hii. Ya mtama naipa alama zote. Ya mahindi napunguza kidogo kwa utamu wake.

Kwa wanaotaka ya sikukuu: anapokea oda kuanzia wiki moja kabla ya Krismasi, kwa nusu ya malipo, taslimu au kwa simu. Tarehe 25 na 26 anafunga, anakwenda kanisani na kupumzika na wajukuu, kwa hiyo ya Krismasi ichukuliwe tarehe 24 asubuhi, kabla ya saa nne, na ilale kwenye friji au kwenye ndoo ya barafu. Kwa mkesha wa mwaka mpya anakuwepo hadi mchana. Nenda na dumu safi lenye mdomo mpana, usilijaze hadi juu, na mfuniko usiukaze mpaka mwisho, kwa sababu togwa inaendelea kutoa gesi njiani, hasa kwa anayeisafirisha kwa daladala hadi Mbezi au Tegeta.